Bango la "Mtambue Nyoka Mwenye Sumu": Kwa Nini Tuliache Lipumzike

Kila mvua zinapoanza, bango lile lile hurudi kwenye makundi ya WhatsApp. Kundi la ukoo, la wazazi wa shule, la mtaa, la wanachuo, kote linafika. Bila shaka umeshaliona: safu mbili, kushoto nyoka "mwenye sumu", kulia nyoka "asiye na sumu". Kushoto kichwa cha pembetatu, kulia kichwa cha mviringo. Kushoto mboni ya jicho imesimama wima kama ya paka, kulia ni duara kama ya mtu. Kushoto alama mbili za meno kwenye ngozi, kulia vitundu vingi vidogo vidogo. Chini kabisa, eti rangi kali ni hatari na rangi iliyopooza ni salama.

Anayelituma huandika, "Tafadhali sambaza, utaokoa maisha." Nia ni njema, hilo halina ubishi. Ila kazi ya uhakiki ni kuuliza kama kitu kinafanya kile kinachodai kufanya. Katika safu hii tumeshahakiki vitabu na filamu, na sioni sababu ya bango kuachwa, maana bango hili husomwa na watu wengi kuliko vitabu vyetu vyote tukivijumlisha. Tena matokeo yake hayaishii kwenye mtihani. Mtu analisoma, halafu jioni anakutana na nyoka kwenye rundo la kuni.

Hoja yangu ni kwamba kanuni zote nne za bango hili hazifai Afrika Mashariki. Baadhi hazisaidii kitu, na moja kati yake, ukiitumia kwa nyoka wawili wanaofanana sana hapa kwetu, inakupa jibu la kinyume kabisa.

Limetoka wapi?

Tuanze na asili yake. Marekani na Kanada, ukiondoa nyoka wa matumbawe na wachache wengine, nyoka wa nchi kavu wenye sumu ya kumtisha mtu ni wa familia ya Viperidae, yaani ndugu wa mbali wa kifutu wetu, wakiwemo wale wenye njuga mkiani. Hao kweli wana vichwa vipana kwa nyuma, na mboni zao kweli zimesimama wima. Kwa hiyo mtu wa Texas akifuata kanuni ya kichwa na mboni, mara nyingi atapatia. Hata yeye nyoka wa matumbawe atamponyoka, kwa sababu huyo ni wa familia ya Elapidae, ana kichwa chembamba na mboni ya duara. Ndiyo maana kule wakamtungia kanuni yake ya pekee ya mpangilio wa rangi za pete mwilini. Na hiyo ya pete nayo, ukivuka kwenda Amerika ya Kati na Kusini, inavunjika, kwa sababu huko wapo nyoka wa matumbawe wenye mpangilio mwingine.

Sasa hebu tuipandishe kanuni hiyo ndege tuilete huku. Nani hasa wanaotutisha Afrika Mashariki? Kifutu, ambaye wengine humwita bafe au moma, huyo sawa, anafuata bango. Lakini koboko? Swila na jamaa zake wote? Mamba wa kijani (nyoka, si yule wa mtoni)? Wote ni Elapidae. Kichwa cha mamba ni kirefu na chembamba, mfano wa jeneza, na mboni yake ni duara. Kwa mujibu wa bango, nyoka anayeogopwa kuliko wote barani Afrika anakaa safu ya kulia, kwa wapole.

Bango lisilomjua koboko linatafuta nini kwenye simu ya mtu wa Kitui au Kilosa?

Jicho linalodanganya

Tuichukue kanuni ya mboni peke yake, maana ndiyo inayoonekana ya "kisayansi" zaidi. Ukweli ni kwamba umbo la mboni linahusiana zaidi na maisha ya nyoka: muda anaotembea na namna anavyowinda. Wengi wanaowinda usiku kwa kuvizia wana mboni wima. Sumu ni habari nyingine.

Nyoka wa nyumbani, wale wa kahawia wa jenasi ya Boaedon wanaoingia stoo kufuata panya, wana mboni wima na hawana sumu hata tone. Chatu ana mboni wima. Atakubana lakini sumu hana. Crotaphopeltis hotamboeia, nyoka mdogo wa usiku anayependa vyura na sehemu zenye unyevu, ana mboni wima, na akitishwa hukitandaza kichwa chake hadi kikawa pembetatu kamili. Sumu yake hafifu haijulikani kumdhuru mtu. Huyu maskini ana alama mbili za bango kwa mpigo, na kwa sababu hiyo anauawa kila mahali.

Halafu tuje kwa wawili niliowadokeza. Mmoja ni nyoka mla mayai, Dasypeltis scabra. Huyu karibu hana meno kabisa. Humeza yai la ndege zima zima, kisha vijiti vya mfupa vinavyochomoza kutoka kwenye uti wa mgongo hadi ndani ya koo lake hulipasua. Ute na kiini vinakwenda tumboni, ganda linatapikwa likiwa limekunjamana. Hata akitaka kukuuma, atakuuma na nini? Mwingine ni Causus rhombeatus, kifutu mwembamba wa nyanda zenye unyevu anayekula vyura na ambaye sumu yake huleta maumivu makali na uvimbe. Wote wawili ni wa rangi ya kijivu au kahawia, wana mabaka meusi mgongoni yaliyopangana kwa mstari, na wana alama ya V kwenye kichwa au shingo. Kwa mwanga wa tochi, mtu mzima mwenye akili zake anaweza kuwachanganya.

Basi tumia bango. Mla mayai ana mboni wima: "ana sumu", piga. Causus, ingawa ni Viperidae halisi, ana mboni ya duara: "hana sumu", mwache mtoto amwangalie kwa karibu. Kanuni imegeuza kila kitu juu chini. Mtu aliyerusha sarafu angepatia nusu ya safari. Mfuasi wa bango hapa anakosea safari zote mbili.

Umbo la kichwa, na wanaolijua hilo kabla yetu

Kanuni ya kichwa cha pembetatu ina udhaifu wa ndani zaidi ya jiografia. Ni hivi: kanuni hii tunayoiona kama uvumbuzi wa bango, ndege wameitumia kwa muda mrefu mno. Mwaka 2011, watafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä, Ufini, walichapisha jaribio walilofanya Hispania kwa kutumia nyoka bandia wa udongo laini wa kuchezea. Wengine walikuwa na kichwa cha pembetatu, wengine chembamba. Ndege wawindaji waliwashambulia kidogo zaidi wale wa pembetatu. Yaani kichwa cha pembetatu peke yake kinatosha kumfanya mwewe asite.

Fikiria maana yake. Kama adui zako wote wanasoma alama moja, njia rahisi ya kuishi ni kuibandika alama hiyo usoni. Nyoka wengi wasio na madhara hufanya hivyo hivyo: wanapanua mifupa ya taya, kichwa kinatanuka nyuma, mwili unajikunja, mlio unatoka. Mla mayai ni bingwa wa mchezo huu. Hujikunja kama herufi C nyingi zilizopangana, kisha anasugua ubavu kwa ubavu. Magamba yake ya pembeni yana meno meno kama msumeno, na msuguano wake hutoa sauti kama ya mafuta yanayochemka kwenye kikaango. Kaskazini mwa Kenya, kifutu mdogo wa jangwani Echis pyramidum, ambaye sumu yake huvuruga kuganda kwa damu na huua, hufanya kitendo hicho hicho na kutoa sauti hiyo hiyo. Mwaka 1961, mtaalamu wa reptilia Carl Gans alichapisha makala ndefu kuhusu jinsi rangi na tabia za jenasi ya Dasypeltis zinavyofanana na vifutu wa maeneo wanamoishi.

Hapo ndipo bango linapoanguka kwa hoja na siyo kwa mifano tu. Alama iliyo wazi, ya haraka, inayoonekana kwa mbali, ndiyo hasa inayoigwa. Uigaji ukifaulu, kanuni ya haraka inakufa. Huwezi kutengeneza bango la sifa moja moja likashinda mamilioni ya miaka ya nyoka kujifunza kudanganya macho yanayotafuta sifa moja moja.

Na upande wa pili wapo wanaojificha ndani ya upole. Nyoka wa ardhini wa jenasi ya Atractaspis ni weusi au kahawia iliyoiva, wanang'aa, kichwa kidogo ambacho huwezi kukitofautisha na shingo, macho kama vichwa vya pini. Kila kitu safu ya kulia. Wanafanana sana na nyoka wadogo wa Lycophidion, wanaokula mijusi na hawamdhuru mtu. Lakini Atractaspis ana chonge ndefu zinazoweza kuchomoza pembeni mwa mdomo bila mdomo kufunguka. Ile mbinu tunayoiona kwenye video, ya kumshika nyoka nyuma ya kichwa, kwake haifanyi kazi: anageuza kichwa kidogo tu na kukuchoma kidole. Vifo vimeripotiwa, na antivenomu yake haipo.

Wa kijani

Kwa watu wa pwani, mjadala mkubwa ni nyoka wa kijani. Neno ukukwi linabeba nyoka wa kijani kadhaa wembamba wa mitini, na kila mtu ana msimamo. Kuna wasemao wote ni mamba, waue. Kuna wasemao wa kijani hana neno, mwache. Kila upande una ushahidi wake, kwa sababu kila upande unamzungumzia nyoka tofauti.

Jenasi ya Philothamnus ina nyoka wa kijani wasio na madhara, wepesi, wanaokula vyura na mijusi. Nairobi na nyanda za juu utamkuta Philothamnus battersbyi karibu na maji; pwani yuko Philothamnus punctatus, mwenye vidoa vidogo. Ni wembamba, macho makubwa, na wakivimbisha shingo ngozi kati ya magamba huonyesha rangi ya samawati. Mamba wa kijani, Dendroaspis angusticeps, ni mkubwa zaidi, huweza kuzidi mita mbili, kijani kimoja kilichokolea mwili mzima, kichwa kirefu, jicho la wastani.

Ingeishia hapo, bango la wawili lingetosha. Lakini yupo wa tatu anayeharibu hesabu: boomslang, Dispholidus typus, jina la Kiafrikana lenye maana ya nyoka wa mti. Dume anaweza kuwa kijani kabisa. Jike mara nyingi ni kahawia. Mtoto ana rangi ya kijivu na jicho kubwa la kijani linalopendeza mno. Kichwa chake ni kifupi na cha mviringo, mboni ni duara, tabia yake ni ya aibu. Chonge zake ziko nyuma kidogo ya mdomo. Na sumu yake huzuia damu kuganda mpaka mtu anavuja damu ndani kwa ndani.

Mwaka 1957, Lincoln Park Zoo ya Chicago ilipeleka nyoka mdogo wa Kiafrika kwenye jumba la makumbusho la Field Museum ili atambuliwe. Aliyempokea ni Karl Patterson Schmidt, mmoja wa wataalamu wakubwa wa reptilia wa karne ile, mwenye umri wa miaka 67. Nyoka alifanana na boomslang, ila gamba moja chini ya mkia halikuwa limegawanyika kama kitabu kinavyotaka, kwa hiyo palikuwa na shaka. Alimshika, akaumwa kidole gumba. Aliandika dalili zake saa baada ya saa, usiku akalala, asubuhi akaendelea na kifungua kinywa. Mchana wa siku hiyo, 26 Septemba, alifariki.

Mwaka 1975, Robert Mertens wa Frankfurt, naye jina kubwa katika fani hiyo hiyo, aliumwa na nyoka wa jenasi ya Thelotornis aliyekuwa akimfuga. Thelotornis tunaye hapa kwetu: mwembamba, rangi ya gome la mti, akitulia huwezi kumtofautisha na kijiti kikavu. Mertens alikufa baada ya siku 18. Antivenomu ya Thelotornis haikuwepo wakati ule, na hadi leo haipo. Uchungu wa habari hii ni kwamba aina moja ya uigaji kati ya nyoka wa matumbawe wa Amerika imepewa jina lake: uigaji wa Mertens.

Sitaji vifo hivi kuwatisha wasomaji. Nawataja wazee hawa kwa sababu wao walijua kila kitu ambacho bango linajaribu kufundisha, na mara elfu zaidi. Schmidt alikuwa na nyoka mkononi, mwanga wa kutosha na maktaba nyuma yake, akahesabu magamba, na gamba moja likampoteza. Sisi tuna tochi ya simu na picha iliyopoteza ubora baada ya kutumwa mara mia.

Kanuni ya alama mbili, ambayo ndiyo mbaya zaidi

Kanuni tatu za kwanza zinamhusu nyoka. Ya nne inamhusu mgonjwa, na kwa maoni yangu ndiyo inayoweza kuua waziwazi. Inasema: ukiona vitundu viwili, kimbia hospitali; ukiona mistari ya vitundu vidogo, osha, tulia nyumbani.

Nyoka hapigi muhuri. Anaweza kuuma kwa chonge moja, akauma mara mbili, akakwaruza, au akauma kupitia suruali. Boomslang anaweza kuacha alama za meno ya mbele pamoja na chonge. Isitoshe, sumu yake inachukua saa nyingi kabla ya kuonyesha hatari. Mtu anajiona mzima, anaenda kulala. Mamba naye anaweza kuuma bila kuacha uvimbe mkubwa, huku sumu ikielekea kwenye neva: kope zinalegea, kumeza kunakuwa kugumu, kisha pumzi. Mtu akisubiri uvimbe ndipo aamini, atakuwa amesubiri kitu ambacho huenda kisije.

Baadhi ya matoleo ya bango huongeza: "Muueni nyoka mumpeleke hospitali atambuliwe." Hapana jamani. Kumfukuza nyoka ndiyo njia nyepesi ya kupata mgonjwa wa pili, na kichwa cha nyoka aliyekufa bado kinaweza kuuma. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kwa Afrika uliotolewa mwaka 2010 unamwelekeza mhudumu kuangalia dalili za mgonjwa: je, damu haigandi? Je, misuli inalegea? Je, uvimbe unapanda? Matibabu yanaanzia hapo. Picha iliyopigwa kwa mbali ikiwepo inasaidia. Ikikosekana, tiba haisimami.

Je, kitabu kizuri kipo?

Mhakiki anayebomoa tu hajafanya kazi. Kipo kitabu, na ni kizuri kweli: mwongozo wa reptilia wa Afrika Mashariki wa Stephen Spawls, Kim Howell, Robert Drewes na James Ashe, uliotoka mwaka 2002, kisha ukaandikwa upya mwaka 2018 na Spawls, Howell, Harald Hinkel na Michele Menegon. Unahusu Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda na Burundi. Howell amefundisha miaka mingi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam; Ashe alianzisha shamba la nyoka la Bio-Ken, Watamu.

Ubora wake ni kwamba haukupi kanuni moja. Kila nyoka ana ramani yake, makazi yake, saa zake, ukubwa wake, tabia yake, na maelezo ya nani anafanana naye na wanatofautiana wapi. Unajifunza kuuliza maswali kwa mpangilio: niko wapi, ni saa ngapi, yuko juu ya mti au chini, anafanya nini. Rangi inakuja baadaye sana. Pia kitabu kina unyenyekevu: sayansi yenyewe inaendelea kujisahihisha. Swila mkubwa anayetema mate wa pwani ya Kenya alitambuliwa rasmi kuwa spishi yake mwenyewe mwaka 2007 tu, akaitwa Naja ashei kwa heshima ya huyo huyo Ashe. Kabla ya hapo wataalamu walimhesabu kuwa swila mwingine.

Lakini kitabu nacho kina upungufu. Kiko kwa Kiingereza. Ni kinene na bei yake si ya mkulima wala ya mwanafunzi wa sekondari. Na sehemu kubwa ya utambuzi wake wa uhakika inategemea kuhesabu safu za magamba katikati ya mwili, kazi inayotaka nyoka awe mkononi, yaani mahali pale pale ambapo mtu wa kawaida hatakiwi kumweka. Kwa hiyo kitabu sahihi hakimfikii anayekihitaji, na bango lililokosea linamfikia bure kila masika. Pengo hilo ni letu sisi tunaosoma biolojia kwa kodi za wananchi na kuandika tasnifu ambazo bibi zetu hawawezi kuzisoma.

Bango ambalo ningelisifu

Bango jipya lingeanza na swali: nikikosea, nani analipa? Makosa ni ya aina mbili. Ukimdhania mla mayai kuwa kifutu na ukarudi nyuma, hakuna aliyeumia. Ukimdhania na ukampiga, analipa nyoka, na wakati mwingine stoo yako, maana panya watabaki. Ukimdhania boomslang kuwa ukukwi na ukamshika, unalipa wewe. Makosa haya hayana uzito sawa, na bango lolote linalokugawia nyoka katika safu mbili sawa linakuficha jambo hilo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza iwe ya mwendo: ukiona nyoka, yeyote yule, simama, rudi nyuma polepole, mpe njia, toa watoto na mbwa. Kanuni hii haihitaji umtambue, na inafaa kwa mla mayai sawasawa na kwa koboko. Akiwa ndani ya nyumba, funga mlango, ziba chini kwa nguo, na tafuta mtu mwenye ujuzi.

Ya pili iwe ya mahali. Afrika Mashariki ina takriban spishi 200 za nyoka, lakini wilayani kwako wale wenye uwezo wa kuua ni wachache, pengine wa kuhesabu kwa vidole. Bango la Newala lisifanane na la Marsabit. Weka picha kubwa za hao wachache, dume, jike na mtoto, na kando ya kila mmoja weka anayemwiga. Jozi kwa jozi. Macho hujifunza kwa kulinganisha, na wanaojifunza hivyo wakiwa wametulia mezani hawatawaua wapole ovyo.

Ya tatu iwe ya baada ya kugongwa. Vua pete na bangili, tuliza kiungo kisicheze, nenda hospitali mara moja bila kungoja dalili. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba ya kukata damu, usiweke jiwe jeusi. Swila akikutemea machoni, osha kwa maji mengi safi, kisha hospitali. Na mhudumu asimrudishe mtu nyumbani mapema kwa sababu "alama hazionekani".

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa duniani kwa kuumwa na nyoka, na mwaka 2017 likaliweka tatizo hili katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Lengo lake ni kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Wengi wa wanaokufa ni watu wa vijijini, wakulima, wafugaji na watoto, walio mbali na hospitali. Hao ndio wasomaji wa kweli wa bango hili. Wana haki ya kupewa kitu kilichoandikwa kwa ajili ya nyoka wao.

Nina neno pia kwa wenzetu wapenda mazingira, wanaojibu kila picha ya nyoka kwa "huyu hana sumu, msimuue". Asanteni kwa kumtetea mnyama. Lakini semeni mmejuaje. Semeni ni sifa zipi mmeziangalia, picha imepigwa wapi, na ni nani mwingine angeweza kuwa. Jibu la neno moja, hata likiwa sahihi, linamfundisha msomaji kwamba utambuzi ni wa kutupia jicho tu, na safari ijayo atatupia jicho yeye mwenyewe, akiwa karibu zaidi.

Likikufikia tena mvua zijazo, usilisambaze. Mwambie aliyelituma, kwa heshima, kwamba koboko ana kichwa chembamba na mboni ya duara. Mara nyingi hiyo moja inatosha kuanzisha mazungumzo.